Nani Azaliwe: Karne Moja ya Sheria za Indiana

Katika mji wa Jeffersonville, kusini mwa jimbo la Indiana nchini Marekani, palikuwa na gereza la vijana wa kiume, na gereza hilo lilikuwa na daktari aliyeitwa Harry Sharp. Mwaka 1899 daktari huyo alianza kuwafunga kizazi wafungwa. Alikata mirija ya mbegu, kazi ya dakika chache, na mwenyewe aliandika kwamba hakuona haja ya dawa ya ganzi. Kufikia mwaka 1907 alikuwa amekwisha kuwakata mamia. Hapakuwa na sheria iliyomruhusu kufanya hivyo, kwa hiyo aliwaendea wanasiasa wamtungie.

Walimtungia. Tarehe 9 Machi 1907 gavana J. Frank Hanly alitia saini sheria ya kwanza duniani ya kuwafunga watu kizazi kwa nguvu. Sheria ilianza kwa kutaja sababu yake: kwamba urithi wa damu ndio hasa unaosambaza uhalifu na upungufu wa akili. Kisha ikawapa madaktari wa magereza na wa vituo vya serikali ruhusa ya kuwakata wahalifu sugu, wabakaji, na watu ambao lugha ya zama zile iliwaita majuha na mapunguani. Aliyekatwa hakuhitaji kuulizwa.

Miaka 109 baadaye jimbo hilohilo lilipitisha sheria ya kumzuia mwanamke asitoe mimba kwa sababu ya kuambiwa kuwa mtoto wake atakuwa na ulemavu. Ukiziweka sheria hizi mbili pamoja utaona zimepeana mgongo. Ya kwanza ilitaka watu wa aina fulani wasizaliwe. Ya pili ilitaka wasizuiwe kuzaliwa. Lakini kadiri nilivyosoma historia ya Indiana, ndivyo nilivyozidi kuona zinapofanana: zote mbili zinaishia mlangoni pa wodi ya wazazi. Anachokikuta yule mtoto akishazaliwa, nani atamlea, nani atamsomesha, nani atalipia mashine yake ya kupumulia, hayo hayamo. Naiandika historia hii kwa sababu ya hayo yasiyomo.

Sheria ya 1907 haikudumu kwa utulivu. Gavana aliyefuata, Thomas Marshall, aliisimamisha mwaka 1909, na mwaka 1921 mahakama kuu ya jimbo ikaibatilisha kwa kuwa wafungwa hawakupewa nafasi ya kujitetea. Mwaka 1927 bunge la Indiana likaandika nyingine yenye utaratibu wa kusikiliza shauri, na mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa baraka zake kwa sheria za namna hiyo katika kesi ya Buck dhidi ya Bell, iliyotoka Virginia. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika hukumu. Majaji wanane walikubaliana, mmoja tu akapinga. Msichana aliyehukumiwa kufungwa kizazi, Carrie Buck, alidaiwa kuwa na akili pungufu, kama mama yake, na kama bintiye mchanga. Bintiye huyo, Vivian, baadaye aliingia shule, akawekwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri, akafariki akiwa na umri wa miaka 8.

Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa kizazi chini ya sheria hizi. Indiana peke yake ilichangia takriban 2,500. Wajerumani walizisoma sheria za Marekani kwa makini walipoandika yao mwezi Julai 1933, na mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimtunuku shahada ya heshima Harry Laughlin, Mmarekani aliyekuwa ameandaa mfano wa sheria ya kufunga watu kizazi. Wajerumani hawakukomea kwenye kufunga kizazi. Kufikia Agosti 1941 watu wenye ulemavu wapatao 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi katika mpango uliojulikana baadaye kama T4. Yeyote anayezungumzia ulemavu na uzazi leo, awe upande gani, anazungumza huku kivuli cha majina hayo kikimwangukia.

Baada ya vita neno yujeniksi, yaani ile elimu ya kuchagua kizazi bora, likawa la aibu. Sheria zenyewe zilibaki vitabuni. Ya Indiana ilifutwa mwaka 1974 tu, na hata isipotumika, fikra zake zilikuwa bado zinatembea. Mwaka 1971, katika wilaya ya DeKalb, mama mmoja, kwa msaada wa wakili, alimpelekea jaji Harold Stump ombi: binti yake wa miaka 15 ana akili nzito kidogo, ameanza kutoka na vijana wa kiume, naomba afungwe kizazi. Jaji alitia saini siku ileile. Hapakufunguliwa jalada, ombi halikupewa namba, binti hakuitwa wala hakuwekewa mtu wa kumtetea. Shuleni alikuwa akipanda darasa kila mwaka pamoja na wenzake. Siku chache baadaye alipelekwa hospitali, akaambiwa anakwenda kutolewa kidole tumbo. Aliolewa, akasubiri mimba, mimba haikuja, ndipo akagundua alichofanyiwa. Alishtaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1978 majaji watano dhidi ya watatu wakaamua kwamba jaji hawezi kudaiwa fidia kwa kitendo alichokifanya akiwa katika kiti cha ujaji. Hukumu hiyo, Stump dhidi ya Sparkman, inafundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria kama somo la kinga ya majaji. Mimi naisoma kama habari za msichana ambaye watu wazima watatu, mama, wakili na jaji, walimpangia maisha bila kumwambia.

Wakati hayo yakiendelea mahakamani, maabara zilikuwa zimefungua njia nyingine. Mwaka 1959 mjini Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kuwa watu wenye hali ya Down wana kromosomu 47 badala ya 46. Hali hiyo ilikuwa imeelezwa na daktari Mwingereza John Langdon Down tangu mwaka 1866, lakini chanzo chake hakikujulikana. Miaka michache baadaye madaktari wa Marekani walifanikiwa kukuza seli za mtoto zilizochukuliwa kwenye maji ya uzazi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 hali ya Down iliweza kutambuliwa mtoto akiwa bado tumboni.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi. Sindano ndefu nyembamba hupitishwa kwenye ngozi ya tumbo la mama, ikiongozwa siku hizi na picha ya utrasaundi, hadi ndani ya mfuko wa maji yanayomzunguka mtoto. Daktari huvuta maji kiasi cha vijiko vinne vya chai. Ndani ya maji hayo zinaelea seli zilizobanduka mwilini mwa mtoto. Maabara huzikuza kwa wiki moja au mbili, kisha fundi huzipiga picha kromosomu, akazipanga jozi kwa jozi kuanzia kubwa hadi ndogo, akazihesabu. Zikionekana tatu mahali pa namba 21 badala ya mbili, mtoto ana hali ya Down. Picha haisemi zaidi ya hapo. Haionyeshi kama mtoto atakuwa na tatizo la moyo, kama atasoma, kama atafanya kazi, kama atapenda muziki. Wiki hizo za kungoja majibu zimewakondesha akina mama wengi.

Lejeune alikuwa Mkatoliki na daktari wa watoto, na alitumia maisha yake yote yaliyobaki kupinga ugunduzi wake usigeuzwe kigezo cha kutoa mimba. Madaktari wengi hawakumfuata.

Sheria nazo zilikuwa zikibadilika, na kilichozibadilisha kwa sehemu kubwa kilikuwa hofu ya ulemavu. Mwaka 1962 Sherri Finkbine, mtangazaji wa kipindi cha watoto katika televisheni ya Phoenix, Arizona, na mama wa watoto wanne, aligundua kuwa dawa ya usingizi aliyoimeza akiwa mjamzito, ambayo mumewe alirudi nayo kutoka Ulaya, ilikuwa na thalidomaidi. Dawa hiyo ilikuwa imesababisha maelfu ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu iliyokamilika. Daktari wake alikwisha kumpangia siku ya kutoa mimba. Yeye akalisimulia gazeti mambo hayo ili kuwaonya wanawake wengine, na habari zilipoenea hospitali ikarudi nyuma. Alikwenda kuitoa Sweden. Mwaka huohuo taasisi ya wanasheria wa Marekani ilipendekeza mfano wa sheria unaoruhusu mimba kutolewa, pamoja na sababu nyingine, pale mtoto anapotarajiwa kuzaliwa na kasoro kubwa ya mwili au akili. Miaka miwili mitatu baadaye mlipuko wa rubela, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto tumboni, ukawatia hofu wajawazito nchi nzima, na mwaka 1967 Colorado ikawa ya kwanza kuufuata mfano ule.

Mwaka huohuo California nayo ilikuwa na muswada kama huo mezani kwa gavana wake mpya, Ronald Reagan. Reagan alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya utoaji mimba, jambo ambalo baadaye alilijutia. Lakini kabla ya kusaini alishikilia kifungu kimoja kiondolewe: kile cha kasoro za mtoto. Kikaondolewa. Watu wengi wanaoijua siasa ya Reagan hawalijui hili, na bila kulijua ni vigumu kuelewa alivyofanya miaka 15 baadaye, habari za mtoto wa Bloomington zilipomfikia akiwa Ikulu.

Mtoto huyo alizaliwa Ijumaa Kuu, tarehe 9 Aprili 1982, katika mji wa Bloomington, Indiana. Alikuwa na hali ya Down, na umio wake haukufika tumboni. Ukimpa maziwa, hayakuwa na njia ya kupita. Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kwa upasuaji, na wapasuaji walikuwapo Indianapolis, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Madaktari walitofautiana. Wa watoto walitaka apelekwe akapasuliwe. Daktari wa uzazi aliyemzalisha mama, Walter Owens, aliwaeleza wazazi kwamba wana haki pia ya kumwacha bila matibabu, kwa kuwa hata akipona umio, Down haitapona. Wazazi walichagua kumwacha.

Usiku wa kuamkia Pasaka jaji John Baker aliitwa hospitalini kusikiliza shauri, akaamua kwamba wazazi waliopewa njia mbili na madaktari wana haki ya kuchagua mojawapo. Mahakama kuu ya Indiana ilikataa kuingilia, majaji watatu dhidi ya mmoja. Familia kadhaa zilijitokeza zikiomba kumlea mtoto huyo kama wao. Mawakili walikuwa njiani kwenda Washington, kuiomba Mahakama ya Juu, alipofariki usiku wa tarehe 15 Aprili, akiwa na umri wa siku 6. Jina lake lilifichwa. Magazeti yalimwita Baby Doe, Mtoto Fulani.

Huyu hakuwa mimba. Alikuwa amekwisha kuzaliwa, analia, ana njaa. Akiwa hana Down angepasuliwa siku ileile na hakuna jaji ambaye angeitwa. Kwa maoni yangu huu ndio ukurasa mchungu kuliko zote katika historia hii, na sioni jinsi ya kuusoma haraka.

Reagan aliagiza serikali ichukue hatua kabla mwezi ule haujaisha. Daktari mkuu wa serikali, C. Everett Koop, alikuwa mpasuaji wa watoto aliyewarekebisha wengi wenye umio kama ule, na alijua kilichopotea. Mwezi Machi 1983 hospitali ziliamriwa kubandika matangazo yenye namba ya simu ya kupiga mtu akiona mtoto mwenye ulemavu ananyimwa chakula au tiba. Hospitali zilikwenda mahakamani. Amri ya kwanza ilifutwa katika wiki chache, na ile iliyoifuata ikafutwa na Mahakama ya Juu mwaka 1986. Bunge lilipata njia ya katikati mwaka 1984 kwa kuingiza jambo hilo katika sheria ya kuwalinda watoto dhidi ya kutendewa vibaya. Reagan mwenyewe, katika insha aliyoichapisha mwaka 1983, alimtaja mtoto wa Bloomington alipokuwa akipinga utoaji mimba. Kuanzia hapo mambo mawili yaliyokuwa yanakwenda kila moja kivyake, haki ya mtoto mlemavu aliyezaliwa na hatima ya mimba iliyopimwa, yalifungwa kamba moja.

Hata hivyo miaka hiyohiyo maisha ya watu wenye hali ya Down nchini Marekani yalibadilika kuliko wakati wowote. Mwaka 1975 sheria ilizitaka shule za umma zipokee watoto wote wenye ulemavu. Upasuaji wa moyo ukawa wa kawaida kwao. Mabweni makubwa ya serikali walikokuwa wakitelekezwa yakaanza kufungwa. Mwaka 1983 mtu mwenye Down alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi. Leo ni takriban 60. Si vidonge vipya vilivyofanya hivyo. Ni kwamba watu waliacha kuwanyima tiba, shule na nyumba.

Kuna sheria moja ya baadaye ambayo haitajwi sana, nami nataka itajwe. Seneta Edward Kennedy wa Massachusetts alikuwa Mdemokrati anayetetea haki ya kutoa mimba. Seneta Sam Brownback wa Kansas alikuwa Mrepublican anayeipinga kabisa. Kennedy alikuwa na dada, Rosemary, aliyezaliwa na ulemavu wa akili, ambaye baba yao alimpeleka kupasuliwa ubongo mwaka 1941 akatoka hawezi kujihudumia. Dada yao mwingine, Eunice, ndiye aliyeanzisha michezo ya Special Olympics mwaka 1968. Maseneta hawa wawili waliandika pamoja sheria ambayo Rais George W. Bush aliitia saini tarehe 8 Oktoba 2008. Haikumkataza mwanamke lolote. Ilisema kwamba mzazi aliyepewa majibu ya kipimo apewe pia habari za kweli na za kisasa kuhusu maisha ya watu wenye hali hiyo, aunganishwe na familia nyingine, na pawe na orodha ya watu walio tayari kuasili watoto hao. Mdemokrati na Mrepublican walikuwa wamekubaliana kuhusu kitu kigumu kuliko vyote. Kisha fedha za kuitekeleza hazikutengwa, na sheria ikabaki karatasi.

Miaka mitatu baadaye, mwezi Oktoba 2011, kipimo kipya kiliingia sokoni. Tangu mwaka 1997 mwanasayansi Dennis Lo alikuwa ameonyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto huzunguka ndani ya damu ya mama. Sasa kampuni ziliweza kuvisoma vipande hivyo kutoka kwenye kichupa kimoja cha damu ya mkononi, mimba ikiwa na wiki kama 10. Sindano ya tumboni, yenye hatari ndogo ya kuharibu mimba, haikuwa hatua ya kwanza tena. Kipimo cha damu hubashiri tu, hakithibitishi; lakini kwa mama aliyepigiwa simu kazini na kuambiwa majibu yake si mazuri, tofauti hiyo mara nyingi haikuelezwa vizuri.

Wapinzani wa utoaji mimba waliona kinachokuja. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa nchini Marekani karibu wanawake 67 kati ya kila 100 waliothibitishiwa Down walitoa mimba. Mwezi Machi 2013 Dakota Kaskazini ikawa ya kwanza kupiga marufuku mimba kutolewa kwa sababu ya kasoro za kijenetiki. Ndipo ikaja zamu ya Indiana.

Gavana Mike Pence alitia saini muswada namba 1337 Alhamisi Kuu, tarehe 24 Machi 2016. Alisema jamii hupimwa kwa jinsi inavyowatendea wanyonge wake, na sina sababu ya kudhani hakuliamini neno hilo. Sheria ilikataza mimba kutolewa ikiwa sababu pekee ni jinsia, rangi au asili ya mtoto, au kwamba amepimwa, au huenda akapimwa, akaonekana ana hali ya Down au ulemavu mwingine wowote. Ulemavu wa kuua ndani ya miezi mitatu baada ya kuzaliwa ulisamehewa. Mwanamke hakuadhibiwa, daktari ndiye angewajibishwa. Na ilibidi mwanamke aambiwe mapema kwamba sababu hizo haziruhusiwi Indiana.

Hapo ndipo penye tatizo la sheria zote za aina hii. Kinachokatazwa ni nia, na nia iko moyoni. Mwanamke aliyekwisha kuambiwa sababu isiyotakiwa atanyamaza, au atataja nyingine. Mazungumzo ambayo yangeweza kumsaidia, ya kumuuliza daktari Down ni nini hasa, mtoto ataishije, nani mwingine analea mtoto kama huyo, ndiyo yanayokuwa hatari kuyaanza. Sheria iliyokusudiwa kumtetea mtoto inamfunga mdomo mama yake mbele ya mtu pekee mwenye majibu.

Mbunge mmoja aliyeliona hilo alikuwa Sharon Negele, Mrepublican na mpinzani wa utoaji mimba. Alisimama kuupinga muswada wa chama chake, akasema haumwokoi mtoto yeyote: hauna elimu ndani yake, hauna fedha, una adhabu tu. Wanawake wengine wa Indiana walipinga kwa namna yao. Walikuwa wakipiga simu ofisini kwa gavana kumpa taarifa za hedhi zao, kwa kuwa aliona mambo hayo yanamhusu.

Tarehe 30 Juni 2016, siku moja kabla sheria haijaanza kazi, jaji wa shirikisho Tanya Walton Pratt aliizuia. Mahakama ya rufaa ikamuunga mkono mwaka 2018. Wakati huo Ohio ilikuwa imepitisha yake kuhusu Down peke yake, iliyosainiwa na gavana John Kasich mwezi Desemba 2017, ikimtishia daktari kwa kifungo cha hadi miezi 18. Baadaye zilifuata Kentucky, Arkansas, Missouri, Tennessee, Mississippi, Arizona, Dakota Kusini, hadi zikapita majimbo kumi.

Tarehe 28 Mei 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza sehemu ya sheria ya Indiana iliyohusu sababu za kutoa mimba. Jaji Clarence Thomas alikubali kungoja, lakini aliandika kurasa 20 za kwake mwenyewe. Ndani yake alisimulia historia ya yujeniksi, akaitaja Indiana kuwa ndiyo iliyotangulia duniani mwaka 1907, akasema majimbo yana haki ya kuzuia utoaji mimba usiwe chombo cha yujeniksi ya leo. Kati ya vitabu alivyovitumia ni kile cha Adam Cohen kuhusu kesi ya Buck. Cohen alijibu hadharani kwamba kazi yake imetumika visivyo: wanayujeniksi wa zamani walitegemea kufunga watu kizazi, na iliyowafunga ilikuwa serikali.

Nakubaliana na Thomas kwamba historia hiyo lazima ikumbukwe. Na familia zinazosimulia kwamba daktari aliwaletea habari za Down kama anatangaza msiba, akadhani tayari wataitoa mimba, siwezi kuzipuuza. Shinikizo lipo, na ni la kweli. Lakini Cohen ameona jambo ambalo Thomas amelipita. Carrie Buck hakufungwa kizazi na uamuzi wake. Binti wa DeKalb hakuchagua. Katika karne nzima hiyo mkono uliotia saini ulikuwa wa gavana, wa jaji, wa daktari wa gereza. Kuutumia mkono uleule kumshika mama mmoja asiyelala usiku, ambaye ana bima ya afya inayokatika akiacha kazi, si kuisahihisha historia.

Aliyelieleza hili vizuri kuliko wanasheria wote alikuwa Adrienne Asch. Alizaliwa mwaka 1946 kabla ya wakati wake, akapoteza uwezo wa kuona akiwa mchanga, akawa profesa wa maadili ya tiba, akafariki mwaka 2013. Alitetea haki ya mwanamke kutoa mimba maisha yake yote. Na maisha yake yote alilaumu desturi ya kuipima mimba na kuikataa kwa sababu ya sifa moja tu ya mtoto, akisema kinachoyafanya maisha ya mlemavu kuwa magumu zaidi ni watu na taratibu zao kuliko mwili wake. Hakutaka sheria ya kukataza. Alitaka wazazi waambiwe ukweli kabla ya kuamua, na dunia inayomngoja mtoto irekebishwe. Alisimama mahali ambapo hakuna chama chochote cha siasa kilichokuwa kimeweka kiti. Frank Stephens, mwanaume mwenye hali ya Down aliyezungumza mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwezi Oktoba 2017 na kusema maisha yake yana thamani, alinukuliwa kote na watetezi wa sheria za kukataza. Wachache walikumbuka alikwenda pale kuomba nini. Aliomba fedha za utafiti.

Mwezi Aprili 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliiruhusu sheria ya Ohio, majaji 9 dhidi ya 7. Kisha tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ikaondoa haki ya kutoa mimba katika katiba ya nchi, na mjadala wote wa sababu ukamezwa. Zuio la jaji Pratt dhidi ya sheria ya 2016 likaondolewa. Tarehe 5 Agosti 2022 gavana Eric Holcomb alitia saini marufuku mpya, na Indiana, iliyotangulia mwaka 1907, ikatangulia tena: jimbo la kwanza kupitisha sheria mpya ya kupiga marufuku baada ya hukumu ile. Sasa sababu karibu zote zimekatazwa. Walioachiwa ni waliobakwa au waliopewa mimba na ndugu wa damu, ndani ya wiki 10 tu tangu mimba kutungwa, wenye hatari kubwa kiafya, na wale ambao mtoto wao hatavuka miezi mitatu baada ya kuzaliwa, hawa wa mwisho mradi iwe kabla ya wiki ya 20 tangu mimba kutungwa. Picha ya utrasaundi inayoonyesha viungo vya mtoto kimoja kimoja hupigwa mimba ikikaribia nusu ya safari, kwa hiyo familia iliyopata habari mbaya kabisa inaweza kubaki na siku chache za kuamua. Ohio ilikwenda kinyume: mwezi Novemba 2023 wapigakura wake waliiweka haki hiyo katika katiba ya jimbo. Arizona ilifanya hivyo mwaka uliofuata.

Mwezi Desemba 2023 serikali ya Indiana iligundua kwamba hesabu za bima yake ya umma ya wasiojiweza zilikosewa kwa karibu dola bilioni moja. Mojawapo ya mahali palipochaguliwa kupunguzwa ni malipo kwa wazazi wanaowahudumia nyumbani watoto wao wenye ulemavu mkubwa: wanaolishwa kwa mrija, wanaopumua kwa mashine, wasioweza kuachwa peke yao usiku. Wazazi hao walikuwa wameacha kazi kwa sababu wauguzi wa kuwapa nafasi hawapatikani. Mapema mwaka 2024 walikwenda Indianapolis kuwaeleza wabunge malipo hayo yananunua nini. Walisikilizwa, na tarehe 1 Julai 2024 utaratibu wa zamani ukafungwa. Badala yake waliwekewa mpango mwingine, wenye posho ya kila siku iliyo ndogo kuliko walichokuwa wakikipata.